Onyo ambalo wakili hakuliomba

Huko New South Wales, Australia, mtu aliyetiwa hatiani kwa ulaghai akikata rufaa kwamba jaji hakuwaonya wajumbe wa juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) juu ya shahidi mkuu, swali la kwanza ni hili: wakili wake aliomba onyo hilo? Kifungu cha 165 cha Sheria ya Ushahidi ya 1995 kinamtaka jaji aonye pale upande mmoja unapoomba, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kukataa. Wakili akinyamaza, hoja hiyo hata kusikilizwa itahitaji kibali cha Mahakama ya Rufaa ya Jinai.

Likiombwa, onyo lina sehemu tatu: ushahidi huu huenda usitegemeke, sababu zake ni hizi na hizi, muwe waangalifu mkiamua kuukubali na kuupa uzito. Maneno yenyewe hayakupangwa na sheria. Sehemu ya pili ndiyo huharibika. Jaji husema tu "ni mshirika wa kosa" akapita, kumbe shahidi huyo, tuseme mhasibu wa kampuni, alikiri, akapunguziwa adhabu kwa kuahidi kutoa ushahidi, na asipotimiza ahadi, serikali inaweza kukata rufaa ili adhabu iongezwe. Hilo la mwisho ni zito kuliko yote, kwa sababu linamfunga kwenye maelezo yake ya awali hata kama ni ya uongo.

Halafu kuna nyaraka, mtego wa kesi za ulaghai. Tuseme ipo ankara hewa ya dola 48,000 yenye saini mbili, ya mhasibu na ya mkurugenzi anayeshtakiwa. Ankara inathibitisha kwamba fedha zilitoka. Kwamba mkurugenzi alijua ni hewa, anayesema ni mhasibu peke yake. Jaji akiwaambia juri kuwa nyaraka "zinamuunga mkono" shahidi bila kutenganisha mambo hayo mawili, onyo lote limemwagika. (Kenya na Tanzania hakuna juri, hakimu au jaji hujionya mwenyewe ndani ya hukumu, kwa hiyo kosa huonekana kwenye maandishi.)

Huko New South Wales, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 28. Omba mwenendo wa kesi, hasa mabishano ya mawakili kabla jaji hajawafanyia juri majumuisho. Ikionekana wakili aliacha onyo kwa makusudi, labda akihofia jaji angeurudia ushahidi mbaya mbele ya juri, tafuta hoja nyingine. Hata kosa likithibitika, mahakama inaweza kuitupa rufaa ikiridhika kwamba haki haikupotoshwa kwa kiasi kikubwa.