Kwa Mchina wa Ngamiani

Nilikwenda Tanga kumpelekea shangazi dawa za presha, si kutafuta chakula cha Wathai. Duka la karibu naye lilikuwa limeishiwa, na mimi kondakta simwamini na kitu kinachogusa roho ya mtu, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshakaa dirishani, basi linatoka Mbezi. Mpaka daraja la Wami sina la kusimulia, maana nililala mdomo wazi. Nilizinduka Segera, pale wa Moshi na Arusha wanaposhika kushoto na sisi tukakata kulia. Muheza wauzaji wakalizunguka basi na mifuko ya machungwa; nikanunua mmoja, nikala matatu kabla hatujayamaliza mashamba ya mkonge. Kange tuliteremka saa saba na nusu, jua la utosi.

Ngamiani mitaa inahesabiwa: barabara ya kwanza, ya pili, mpaka uchoke. Ukipotea, kosa ni lako la hesabu. Shangazi anakaa Barabara ya 12. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo, nikapokewa na lawama.

"Marahaba mwanangu. Ndiyo unakuja saa hizi, sufuria zimeshaoshwa? Simu si unayo?"

Akataka kuinuka awashe jiko, nikamzuia. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, akaokoa jahazi. "Bibi, mimi nampeleka kwa Mchina."

Shangazi akasonya. "Kwa Mchina kuna nini cha kula?"

Kwa Mchina ni baraza la nyumba ya kawaida, hatua chache kutoka pale. Meza nne zenye vitambaa vya plastiki vya maua, mabenchi, jiko la gesi, jiko la mkaa, karai kubwa jeusi, na ubao wa chaki: PHO 6,000. KARI YA KIJANI 7,000. PAD THAI 6,000. VITUMBUA 200. Baiskeli tatu zimeegemezwa ukutani, kama ilivyo ada ya mji huo. Nyuma ya karai alisimama mama wa makamo, kibwebwe kiunoni, kilemba kichwani. Nikamuuliza Mchina yuko wapi.

"Ndiye mimi," akajibu bila kucheka. "Mchina wa Muheza. Kaa, kaka."

Ni Mbondei. Alipika miaka sita kwenye hoteli ya watalii Unguja, chini ya mpishi wa Kithai aliyekuwa akimwaga sufuria nzima akionja kitu kimezidi. Kisha akahamia Dar, akawa anawapikia mafundi wa Kivietinamu wa minara ya simu, wale tulioanza kuwaona kwa wingi kampuni ya simu ya Halotel ilipoingia sokoni mwaka 2015. Mama yake alipougua akarudi nyumbani. Hakutaka kufungua genge la wali maharage kwa sababu, alivyosema, mtaa ule mmoja una magenge saba ya wali maharage. Wateja wake wa kwanza walikuwa wageni wa kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani. Siku hizi ni walimu, madereva wa bajaji, na wanafunzi wanaochanga wawili kwa bakuli moja.

Nilianza na pho, supu ya tambi ya Kivietinamu, ambayo yeye anaitamka "fa" kwa sauti inayoshuka kisha kupanda, kama mtu anayeuliza kitu asichokiamini. Nikiri kwamba nilipoona tambi ndani ya supu, moyo ulisita. Mimi ni mtoto wa Pwani. Tambi kwangu ni futari, zina sukari, iliki na tui. Hizi zilikuwa za mchele, nyeupe, bapa kama utepe, na supu yake ilikuwa angavu kiasi cha kuonyesha ua lililochorwa chini ya bakuli. Mifupa ya ng'ombe huanza kuchemka usiku, taratibu, povu likienguliwa. Vitunguu na tangawizi huchomwa kwanza juu ya mkaa mpaka maganda yaungue, ndipo vitumbukizwe pamoja na mdalasini, karafuu, na kiungo kimoja chenye umbo la nyota ambacho harufu yake inakaribia bizari tamu. Pembeni unawekewa sahani ya kujipakulia: ndimu, pilipili kichaa, choroko zilizochipua, na majani ya rihani.

Rihani! Kwetu rihani mahali pake ni kwenye kikuba, pamoja na asumini, kifuani au kichwani kwa mwanamke aliyejipamba. Sijawahi kuitafuna. Nilichuma majani mawili kwa wasiwasi, kama mtu anayeonja manukato ya mkewe, nikayadidimiza ndani ya supu ya moto. Harufu ikabadilika palepale, ikaacha kuwa ya arusini ikawa ya kulia chakula. Rihani ya Wathai, mama alinieleza, ni ndugu tu wa hii. Yao ina utamu fulani, ya Tanga ni kali zaidi, ila ndiyo inayoota uani kwake.

Kule Vietnam nyama mbichi hukatwa nyembamba kama karatasi, ikapangwa juu ya tambi, na supu inayotokota ndiyo inayoiivisha ikimiminwa. Hapa hathubutu. "Mtu wa Tanga akiona wekundu, atanirudishia bakuli na maneno juu yake," alisema. Kwa hiyo anaichemsha kabla. Akaniambia pia kwamba mafundi wake walikuwa wakiila pho alfajiri, kabla ya kwenda kupanda minara, na mimi kwa sekunde mbili nikashangaa. Halafu nikajiona mjinga. Mtu anayekunywa supu ya kongoro na chapati saa moja asubuhi hana uso wa kumshangaa mtu wa Hanoi.

Jioni nilirudi nikaagiza pad thai, tambi za kukaanga za Wathai, na hapa sitamficha mtu: haikunikaa. Tambi zilishikana, ukwaju ulizidiwa na sukari. Nadhani karai lilijaa mno, maana madereva watano waliagiza kwa pamoja naye akazipika zote kwa mkupuo. Chakula hiki kina historia ya vituko kidogo. Kilipigiwa debe na serikali yenyewe, enzi za Waziri Mkuu Phibunsongkhram, yuleyule ambaye chini yake Siam iligeuzwa jina ikawa Thailand mwaka 1939. Chakula cha agizo la serikali, nikajisemea, nikaisogeza sahani na kuomba vitumbua. Hivyo navyo vilikuwa na lao. Wathai wana kitu wanachokiita khanom krok, unga wa mchele na tui, chuma chenye vishimo kama hiki chetu. Ila juu wanamimina tui zito lenye chumvi kidogo na kunyunyizia vitunguu majani. Mama hupika vya kwetu asubuhi na vya kwao jioni, chuma kimoja. Nilikula vinane. Vya jioni ndivyo vitamu, na shangazi asinisikie.

Asubuhi ya pili niliomba kukaa jikoni nione kari ya kijani inavyopikwa. Akanipa kigoda na kazi: kutwanga. Pilipili mbichi, mchaichai, vitunguu, saumu, mizizi ya giligilani, maganda ya ndimu, na khulinjani, ambayo anainunua kwa muuza dawa za asili, maana hapa mjini watu huitafuta kwa ajili ya kikohozi, si mboga. Nilitwanga mpaka mkono ukafa ganzi, mchaichai bado una nyuzi. Akaninyang'anya mchi.

Kisha akamimina kasimile, lile tui zito la kwanza, kwenye karai kavu, bila tone la mafuta, akaliacha lichemke. Akasimama tu. Upawa uko pale, hakuushika. Nikahisi vidole vyangu vinawasha. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambamo anayepika tui hatoki jikoni hata akiitwa na mgeni. Unakoroga, unainua, unamimina, unakoroga, lisije likakatika. Tui likikatika mbele ya mama mkwe, ndoa imeshapata mdomo.

"Dada, linakatika hilo," nikasema.

"Nataka likatike."

Na kweli likakatika. Maziwa yakaganda vipande vidogo, mafuta yakajitenga yakaanza kutoa sauti ya kukaanga, na ndani ya mafuta hayo ndimo alimotupia viungo tulivyotwanga. Hiyo ndiyo siri yote: badala ya kuanza na mafuta ya chupa, nazi inajitolea mafuta yake yenyewe. Tui la pili, lile jepesi, likafuata baadaye pamoja na kuku, na bilinganya zilizokatwa vipande. Miaka sita ya Unguja, alisema, kilichomtoa jasho si vijiti vya kulia wala majina ya vyakula. Ni kuuzuia mkono wake usikoroge.

Chumvi haitii. Anatia mchuzi wa samaki, ambao ni dagaa wa baharini na chumvi waliokaa mapipani muda wa mwaka hivi mpaka wakatoa maji ya rangi ya chai. Kisiwa cha Phu Quoc cha Vietnam kinasifika sana kwa kazi hiyo. Ukinusa chupa, ni soko la samaki la Deep Sea saa kumi jioni. Ukitia kwenye karai, harufu inakwenda zake, ladha inabaki. Chupa inaagizwa Dar na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo anapima kwa kifuniko. Nikamweleza habari ya shangazi na presha yake. Akatenga kari yake kabla ya kufungua chupa, akaikamulia ndimu ya ziada, akaijaza kwenye hotpoti.

Shangazi alifunua kifuniko. Akaona mafuta ya kijani yanaelea.

"Tui limekatika."

"Ndivyo linavyotakiwa, shangazi."

Akaniangalia kama alivyoniangalia nilipokuwa na miaka saba nikamwambia samaki kaliwa na paka. Akajipakulia wali, akamwagia kijiko kimoja, akala tonge, akatazama ukutani. Tonge la pili.

"Chumvi haina."

"Daktari si alisema..."

"Namjua daktari."

Mjukuu akanyoosha mkono aichukue hotpoti akairudishe barazani kwa Mchina. Shangazi akaivuta upande wake.