Mgongano uliotatuliwa bila mtu kuutatua

Navisworks, programu inayounganisha modeli za kompyuta za jengo na kufanya jaribio la kutafuta migongano, yaani pale vitu viwili vinapochorwa mahali pamoja, huupa kila mgongano hadhi yake: mpya, unaoendelea, uliokaguliwa, ulioidhinishwa, uliotatuliwa. Kukaguliwa na kuidhinishwa huandikwa na mtu. Kutatuliwa programu hujiandikia yenyewe. Jaribio la leo lisipouona mgongano wa juzi, basi umetatuliwa, na haiulizi umekwenda wapi. Mhandisi wa maji akitoa faili lake huku mabomba ya ghorofa ya nne yamefichwa, migongano yote ya ghorofa ya nne inahesabiwa imetatuliwa. Akifuta bomba na kulichora upya palepale, bomba hilo lina namba mpya, kwa hiyo mgongano wa zamani unafungwa na mwingine unazaliwa. Maelezo yote tuliyoandikiana yanabaki kwenye ule uliofungwa.

Kisha ripoti inakwenda kwa mteja, na mteja anaona idadi inashuka wiki hadi wiki. Hapo ndipo roho yangu haitulii.

Mimi ni mhandisi wa miundo, Dar es Salaam. Ofisini kwetu ndiye ninayekusanya modeli ya msanifu, ya miundo, ya viyoyozi na umeme, na ya maji, kisha ninaziweka pamoja kabla michoro haijaenda saiti. Kazi hii naipenda, na programu hizi sitaki kuziacha. Nimeona jinsi tulivyokuwa tukipanga karatasi juu ya meza ya kioo chenye taa chini yake, na bado bomba linakutana na bimu, yaani boriti ya zege, siku ya kumwaga zege. Ila nataka tuseme wazi zinaishia wapi, kwa sababu vijana wanaoingia kazini sasa wanaletewa ripoti safi na wanadhani ni jengo safi.

Chukua ghorofa moja ya jengo la ofisi tulilofanya Upanga. Kutoka slabu hadi slabu ni milimita 3,600. Msanifu anataka siling'i milimita 2,700 juu ya vigae, na vigae na sakafu yake ya saruji vinakula 50. Kinachobaki juu ya siling'i ni 850. Bimu zetu, pamoja na unene wa slabu, ni 600. Chini ya bimu kuna 250, na dakti iliyochorwa, yaani njia ya hewa ya viyoyozi, ina kina cha 250. Jaribio likapita bila mgongano hata mmoja, na kwa hesabu ya programu lilikuwa na haki ya kupita. Lakini dakti ile haikuchorwa na vazi lake la kuzuia joto, milimita 25 juu na 25 chini. Haikuchorwa na vyuma vya kuining'iniza, wala fremu ya siling'i haikuchorwa. Kisichochorwa hakigongani na chochote. Revit, programu tunayochoria modeli, ina uwezo wa kuchora vazi hilo, tena kwa mibofyo michache. Aliyechora alikuwa na muda mfupi na hakuna aliyemdai. Tulilikamata kabla ya kumwaga zege kwa sababu fundi mkuu wa viyoyozi, mzee aliyezoea kazi hii, alitazama mchoro mmoja tu akasema, “Injinia, hii ikivalishwa haipiti.”

Jambo la pili ni nguzo. Nguzo moja ya jengo huchorwa mara mbili, msanifu kwake na mimi kwangu, na kila mmoja ana sababu yake halali. Ukizipambanisha modeli hizi mbili, kila nguzo ya jengo zima inaripotiwa kuwa mgongano, kwa kuwa vitu viwili viko mahali pamoja. Kwa hiyo sote tunafanya lile lile: tunaweka kichujio, nguzo za msanifu zisipimwe dhidi ya za miundo. Orodha inapungua sana. Na ndani ya zilizochujwa imo ile nguzo moja ambayo msanifu ameizungusha nyuzi tisini ili mlango wake ukae vizuri, nami sijui. Kichujio kimeondoa kelele pamoja na habari.

Revit ina njia yake ya kuzuia hili, Copy/Monitor, ambayo hunakili kitu kutoka modeli ya mwenzako na kukuonya kikibadilika. Inafuatilia leveli, gridi, nguzo, kuta, slabu. Bimu haimo. Bimu, ambayo ndiyo inayopigana na kila bomba na kila dakti! Na hata kwa vile inavyofuatilia, onyo linampa anayelisoma nafasi ya kuahirisha. Nimekuta modeli zenye maonyo yaliyoahirishwa tangu mradi uanze.

Sasa nifike kwenye lile linalonigusa zaidi kama mtu wa miundo. Bomba linapita ndani ya bimu. Navisworks inalipaka rangi, inanipa namba ya mgongano na umbali ambao bomba limeingia. Bomba jingine, bimu ileile, mita mbili pembeni: rangi ileile. Kwangu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Tundu dogo la mviringo, katikati ya kina cha bimu, karibu na katikati ya urefu wake, mara nyingi naliruhusu, kwa sababu hapo nguvu ya kukata ni ndogo, mgandamizo uko juu na mvutano unabebwa na nondo za chini. Tundu lilelile karibu na nguzo silitaki, maana hapo ndipo nguvu ya kukata ilipo kubwa kuliko kote, na ndipo nondo zinaposongamana kiasi cha kuzuia hata kokoto. Na kama ni bimu inayobeba nguzo ya ghorofa za juu, sijibu kabla sijarudi kwenye hesabu. Hayo yote yamo ETABS, programu ya hesabu za miundo, na kichwani mwangu. Katika modeli ya kuunganisha kuna umbo la zege, basi. Nondo zenyewe, katika miradi yetu mingi, hazimo.

Upande wa maji nako kuna sheria ambayo programu haiijui. Bomba la maji machafu la milimita 110, likishuka kwa uwiano wa 1:40, limeshuka milimita 300 ndani ya mita 12. Halina hiari. Mchoraji akilipandisha 50 katikati ya njia ili kukwepa bimu, mgongano unaondoka kwenye orodha na choo cha ghorofa ile kinaanza kuziba mwaka wa kwanza. Jaribio linajua vitu viwili haviko tena mahali pamoja. Kwamba kinyesi hakipandi mlima, hilo hadi mtu alikumbuke.

Tena hesabu yenyewe ya migongano inadanganya macho. Bomba moja likipita kwenye bimu ishirini, ni migongano ishirini. Uamuzi ni mmoja tu: bomba lihame ukanda. Wakati huohuo mgongano mmoja wa lifti na msingi unakaa mstari mmoja, chini kabisa, na unaweza kusimamisha mradi.

Kuhusu koordineti nitasema kwa ufupi, ingawa imekula saa nyingi za watu. Dar es Salaam, katika UTM, mfumo wa koordineti za ramani, kanda ya 37 Kusini, iko takriban mita 9,248,000 kwenye mhimili wa kaskazini. Revit hutaka jengo likae ndani ya takriban kilomita 16 kutoka kitovu chake cha ndani. Ukiliweka kwenye namba za mpima ardhi moja kwa moja, mistari inaanza kutetemeka na vipimo vinakosa uaminifu. Kwa hiyo kila fani inasogeza modeli yake karibu na kitovu, na kila fani isiposogeza kwa namna moja, modeli nne za jengo moja zinatua sehemu nne. Ongeza kwamba ramani nyingi zetu ziko kwenye mfumo wa marejeo wa zamani, Arc 1960, na vipimo vya GPS huja kwenye mwingine, WGS84, tofauti ya takriban mita 300 kuelekea kaskazini. Namba zote mbili zinafanana na za Dar. Programu inazipokea zote.

Msanifu anapotumia ArchiCAD, programu nyingine ya kuchora modeli, na sisi Revit, tunakutana kwenye IFC, aina ya faili ya kubadilishana modeli, ambayo tangu 2013 ni kiwango cha ISO namba 16739. Ninaiheshimu, ni ya wazi na haimilikiwi na kampuni inayouza programu. Lakini ukuta ukishavuka hufika kama umbo lisilokumbuka lilivyotengenezwa, na ukihitaji kuuhariri unauchora upya. Revit kwa Revit nako si salama sana: msanifu akipandisha toleo katikati ya mradi, hakuna kurudi nyuma, na ofisi ndogo ambayo leseni yake imeisha mwaka jana haifungui tena chochote.

Ninachofanya siku hizi ni hiki. Kabla ya mtu yeyote kuchora bomba, tunakaa wote mezani na kugawana ile nafasi ya juu ya siling'i kwa milimita: huu ukanda wa dakti na vazi lake, huu wa trei za nyaya, huu wa maji machafu ambayo hayawezi kusogea. Kisha katika modeli ya miundo ninachora maboksi kwenye sehemu za bimu ambazo sitaki zitobolewe, karibu na nguzo na kwenye bimu zinazobeba nguzo za juu. Sio zege, ni maboksi matupu yenye jina. Bomba likigusa boksi, jaribio linaniambia kitu ninachotaka kukijua, na tundu linaloruhusiwa lina orodha yake pembeni.

Maboksi nayo yana udhaifu, kwamba yanatokana na hesabu za ETABS na hakuna kamba inayoyafunga na hesabu hizo. Msanifu akihamisha nguzo, nikapiga hesabu upya, maboksi yanabaki palepale hadi niyasogeze kwa mkono. Kwa hiyo jina la kila boksi lina tarehe ya hesabu iliyolizaa, na mhandisi wa viyoyozi na mwenzake wa maji wana ruhusa ya kunirudishia faili lolote ambalo tarehe hiyo ni ya zamani kuliko michoro ya msanifu iliyo mezani. Wameshanirudishia, na nimewashukuru.