Kushoto ilipofifia: mimi, Stax ya mtumba na volti 580

Dakika 20. Ndo muda niliofaidi hedifoni zangu za kwanza za elektrostatiki kabla upande wa kushoto haujaanza kufifia, na haukukatika ghafla, ulififia taratibu kama mtu anayetoka chumbani huku bado anaongea, mpaka mwimbaji niliyekuwa namsikia katikati ya paji la uso akahamia sikio la kulia na kuweka makazi huko. Nikazivua nikazivaa kinyume, mwimbaji naye akahamia kushoto, kumbe masikio yangu mazima, mgonjwa ni hedifoni. Na aliyeniuzia alinitumia na video kabisa kuonyesha zinapiga pande zote mbili, na kweli zilikuwa zinapiga, sema video yenyewe ilikuwa ya dakika 2.

Zilikuwa Stax Lambda Pro, yale madude ya mstatili ambayo ukivaa unaonekana kama umejifunga vidirisha masikioni. Stax ni Wajapani, kampuni ya tangu 1938, na hedifoni yao ya kwanza ya namna hii, SR-1, ilitoka 1960, yaani wengi wetu hata hatujazaliwa watu walishaanza kusikiliza hivi vitu. Wenyewe hata hawaziiti hedifoni, wanaziita spika za masikio, mwanzoni nilidhani ni maringo ya biashara tu ila ukishazizoea unawaelewa.

Nilinuna siku 2 hivi halafu nikaanza kusoma, na hapo ndo nikajua nimenunua nini hasa. Hedifoni ya kawaida ina kakoili kamebandikwa kwenye kiwambo, sumaku inakasukuma, na kiwambo kila kinapotaka kukimbia lazima kiburute na ile shaba yake mgongoni. Hizi hazina koili wala sumaku. Kuna kiwambo cha plastiki chembamba cha mikroni 1 au 2 (unywele wako mmoja una kama mikroni 70, piga hesabu mwenyewe), kimewambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya sahani mbili zenye matundu, na nafasi kati ya kiwambo na kila sahani ni kama nusu milimita tu. Kiwambo kinapewa chaji ya volti 580 ambayo haibadiliki, muziki wenyewe unapita kwenye zile sahani, hii ikivuta ile inasukuma, halafu zinabadilishana. Kiwambo kizima kinasogea kwa pamoja, hakuna sehemu inayobaki nyuma, na uzito wake hauna tofauti kubwa na ule wa hewa kinayoisukuma. Ndo maana sauti inatoka vile inavyotoka.

Sasa mchezo wote unategemea ile chaji isitoroke. Inaingia kwenye kiwambo kupitia rizista (kizuizi cha umeme) kubwa ya megaohm 5 hivi, kwa hiyo inaingia kidogo kidogo kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalodondosha, ndoo ikiwa na tundu la sindano tu haijai ng'o. Na tundu la ndoo yangu nililiona baada ya kufungua kikombe cha kushoto, kavumbi ka kijivu kamejikusanya pale waya wa chaji unapogusa pete ya kiwambo, kitu ambacho kwenye hedifoni nyingine ungekipuliza ukasahau. Kwenye volti 580 vumbi likishanyonya unyevu kidogo, wa hewani au wa jasho lako mwenyewe, linageuka njia, na chaji inapita hapo kimya kimya. Nikasafisha na spiriti ya isopropili kwa kijiti cha pamba, mikono inatetemeka maana kiwambo kiko pale pale wazi na ukikigusa umeua, nikaacha zikauke kutwa nzima, usiku nikaziwasha bila muziki ili zijaze chaji mpaka asubuhi. Kulipokucha mwimbaji yuko katikati ya paji la uso. Nilipiga kelele mke wangu akadhani nimepigwa shoti.

Nilibahatika lakini, niseme ukweli. Kiwambo kina rangi maalumu inayoshika chaji, na ile rangi ikichakaa hakuna cha kusafisha wala nini, unabadilisha draiva nzima, yaani kiwambo pamoja na sahani zake. Kwa hiyo ukinunua za mtumba usikubali kusikilizishwa wimbo mmoja. Omba ziwashwe saa nzima, piga sauti ya mono, yaani ile ile pande zote mbili, ambayo lazima ikae katikati, sikiliza mwanzo, sikiliza mwisho, na kama katikati imehama achana nazo au shusha bei kabisa. Halafu kila upande uusukume taratibu kwenye sikio uachie, ukisikia kitu kama mluzi mwembamba au mikwaruzo inayoendelea hata muziki ukizimwa kuna kiunywele au vumbi limeingia ndani. Ila zile sauti za kupwita unapozikandamiza, Stax SR-007 zinajulikana sana kwa hilo, hiyo ni hewa tu imebanwa kiwambo kinajikunja, usimkimbie muuzaji kwa sababu hiyo.

Na angalia pini. Za zamani zenye chaji ya volti 230 zina pini 6, za Pro zenye 580 zina pini 5, na ile ya sita iko katikati makusudi, plagi ya pini 6 haiingii kwenye soketi ya Pro, kwa hiyo huwezi kuzichoma za zamani kwa bahati mbaya. Ila plagi ya pini 5 inaingia kwenye soketi ya zamani, zitapiga ila kinyonge, na nimeshaona watu wakizilaumu hedifoni kumbe wamezinyima chakula.

Tuje kwenye amplifaya, maana hapo ndo pesa zinapoishia, na hapo ndo mimi nina ubishi na watu. Amplifaya ya hedifoni ya kawaida inatoa volti chache tu, hizi Lambda zinataka kama volti 100 kukupa desibeli 100, na muziki ukipanda ghafla zinataka mamia. Mkondo hazitaki mwingi, kwa umeme zenyewe ni kapasita tu, kitu cha kutunza chaji, ya pikofaradi 100 na kidogo, ila sasa kapasita kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyozidi kuwa nzito kuisukuma, kwenye herzi 1,000 inaonekana kama megaohm 1.6 lakini ukifika 20,000 imeshuka kwenye kilo-ohm 80. Amplifaya dhaifu inakwama hapo hapo kwenye matoazi na herufi s za mwimbaji. Ndo maana pia usirefushe waya kwa waya wowote uliouokota, kila mita ni kapasita nyingine unaibebesha amplifaya.

Nilianza na kile kiboksi cha SRD-7 Pro, ni transforma tu unachomeka kwenye amplifaya ya spika inapandisha volti, na kwa anayeanza hakuna njia rahisi kuliko hiyo, wala usione aibu. Lakini mi mkono unaniwasha. Kuna michoro ya Kevin Gilmore, jamaa ambaye ameachia saketi zake watu wajenge wenyewe, KGSSHV, Blue Hawaii yenye valvu za EL34 (zile chupa za kioo za amplifaya za zamani), na nyingine. Nikachukua KGSSHV kwa sababu ni transista tupu, nikasema valvu mwaka mwingine.

Jamani. Pawasaplai yake, ile sehemu inayoilisha umeme, inatoa volti 400 na zaidi upande wa chanya na hivyo hivyo upande wa hasi, kwa hiyo kati ya waya na waya una kama 800 na ushee. Ile chaji ya kiwambo yenyewe haitishi sana, rizista ya megaohm 5 inapitisha kama sehemu ya kumi ya miliampia tu, utashtuka utatukana basi. Lakini hizi volti za pawasaplai zina miliampia za kutosha kukuzika, na kapasita zake zinabaki zimejaa hata ukishang'oa plagi ukutani. Sheria yangu ni mkono mmoja mfukoni muda wote kitu kikiwa wazi, kila kapasita kubwa ina rizista ya kuimwaga, na hata hivyo napima na multimita kabla sijagusa, kila mara, hata kama nimepima dakika 3 zilizopita. Kama hujawahi kujenga kitu cha volti kubwa usianzie hapa, jenga kwanza vya volti ndogo mpaka solda zako zing'ae.

Nilijenga pawasaplai peke yake kwanza, nikaiwasha kupitia balbu ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo (ikififia mambo sawa, ikibaki inawaka kuna shoti), ikawaka ikafifia, safi. Nikafunga bodi ya kulia, ikawaka ikafifia, safi. Nikafunga ya kushoto, balbu ikawaka ikabaki inawaka. (Kushoto tena! Nilianza kuamini kuna mtu kanitupia kitu.) Nikazima, nikakaa, nikachungulia bodi nzima kwa lenzi kwa muda wa saa 2, solda moja moja, thamani ya rizista moja moja, hakuna kitu. Kumbe tatizo wala halikuwa kwenye bodi. Transista zinafungwa kwenye bapa la alumini la kupozea, na kati ya transista na bapa panakaa kipande cha seramiki cha kuzuia umeme, na skrubu nayo inavaa kikola cha plastiki. Skrubu moja nilisahau kikola. Kwa hiyo mgongo wa transista wenye mamia ya volti ulikuwa umeshikana na bapa lote, na bapa limeshikana na kasha, na kasha limeshikana na ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Fikiria ningekuwa mvivu wa kuunga ethi. Kikola chenyewe kilikuwa chini ya meza, kadogo kama punje ya mtama.

Baada ya hapo ikawa ni kusubiri tu. Unaiacha ipate moto, unapima kila waya wa kutoka dhidi ya ethi, halafu chanya dhidi ya hasi, unazungusha vile virizista vya kurekebisha mpaka vyote vikaribie sifuri, unasubiri tena dakika 15, imeshahama, unarudia. Usiku wa kwanza nilizungusha mpaka saa 8 usiku. Nikaweka na rizista ya kilo-ohm 5 kwenye kila waya wa kutoka ili waya ukija kugusana na kitu siku moja isiwe msiba.

Na ilipopiga? Nilitegemea besi, nilitegemea sijui ukubwa gani. Nilichosikia kwanza ni kiti. Kuna rekodi ya gitaa moja na sauti ambayo nimeisikiliza miaka, na kabla ya wimbo kuanza mpigaji anajiweka sawa kiti kinalia, miaka yote nilidhani ni kelele za mashine, kumbe ni kiti cha mbao mtu anakikalia. Kile kiboksi cha transforma kilikuwa kinanipa kelele, hii ikanipa kiti. Hapo ndo ubishi wangu na wale wanaosema tumia hela yote kwenye hedifoni amplifaya itajijua. Nimezisikiliza Stax SR-009 za mtu, zilizotoka 2011, kwenye amplifaya ndogo ya kuanzia, na niliondoka na hamu ya kurudi kwa Lambda zangu nzee. Si kwamba Lambda ni bora, hapana, SR-009 ni mbali sana, ila zilikuwa zimefungwa miguu.

Kasoro ni nyingi tu, nisiwafiche. Ziko wazi pande zote kwa hiyo aliye pembeni anasikia kila kitu na wewe unamsikia yeye, huwezi kutembea nazo, pedi zikichakaa zikaacha upenyo hata mdogo besi inakimbia yote, na siku za unyevu mwingi naziacha zijae chaji kwanza ndo nianze kusikiliza. Amplifaya inatoa joto hata haifanyi kitu, paka wetu anaipenda kuliko mimi.

Sasa hivi najaribu kutengeneza draiva mwenyewe, na hili simshauri mtu. Sahani nimekata kutoka kwenye bodi za saketi zenye shaba, matundu nimetoboa, hiyo ilikuwa rahisi. Kuwamba ndo kazi. Unalaza filamu juu ya tyubu ya baiskeli iliyozungushwa kwenye meza, unaibana pembeni, unapampu, tyubu ikivimba inavuta filamu sawasawa pande zote, halafu unagundisha pete. Ukilegeza, kiwambo kinavutwa na sahani kinajibandika, ukikaza sana besi inakufa. Rangi ya chaji nayo haitakiwi ipitishe umeme vizuri, nilipaka ya grafiti nikasugua kwa bidii kama nang'arisha viatu, ikapitisha mno, chaji ikawa inakimbiakimbia juu ya kiwambo badala ya kutulia, sauti ikawa chafu kwenye besi.

Na vumbi. Nimeishia kufanyia kazi bafuni, nafungulia maji ya moto mvuke ujae, vumbi lote linashuka chini, nasubiri pakauke kabisa ndo naingia na filamu yangu, nimevaa kofia ya kuogea. Mke wangu alifungua mlango akaniangalia nimepiga magoti na pampu ya baiskeli, akafunga.

Draiva ya kulia inapiga wiki ya tatu sasa bila kufifia. Ya kushoto nimeshawamba mara 4, ya nne nimekuta unywele ndani, mweupe mfupi, na mi nywele sina. Paka amehamishiwa chumba kingine, jumamosi nawamba ya 5.