VLC ya Mwalimu

Mwaka 2016 nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja pale Kondele, Kisumu. Mwalimu wa fizikia kutoka Seme akatuletea laptopu iliyojaa matangazo; ukifungua intaneti, yanazuka kila kona, na ukurasa wa kwanza hata hujui umetoka wapi.

"Kijana wangu, mimi nilitafuta VLC tu, ile ya kuchezea video," akasema.

Nikamwomba anionyeshe alikoipata. Haikuwa videolan.org, kwa wenye programu yenyewe. Ilikuwa tovuti ya watu baki: vitufe vitatu vikubwa vya kijani, kila kimoja kikidai ndicho cha kupakulia, na kiungo halisi kimefichwa chini kwa maandishi madogo ya kijivu. Hata ukikipata hicho, VLC inakuja na programu nyingine ambazo hukuziomba, zimeshawekewa alama ya kukubali. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Mwalimu hakuwa na kosa. Angejuaje?

Tukahamisha faili zake kwenye flashi, nikamwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, badala ya ule wa zamani. Kisha nikaandika mbele yake amri ya apt, programu ya Ubuntu ya kupakua na kusakinisha programu nyingine: sudo apt-get install vlc. Mistari ikashuka, ikatulia, VLC ikafunguka.

"Na hii nayo imetoka wapi?"

Swali hilo ndilo lenyewe. Nikamweleza kwamba imetoka kwenye ghala la Ubuntu, hazina ya mtandaoni ya programu zilizofungwa kama vifurushi. Orodha ya vifurushi vya ghala hutiwa saini ya kidijitali, na ndani yake kila kifurushi kina alama yake ya SHA256, namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, kama alama ya kidole. Faili ikichezewa njiani, hata kidogo tu, alama hazilingani na apt inaikataa. Tovuti halali pekee haitoshi: Februari mwaka uleule wadukuzi waliingia tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi mwingine wa familia hiyohiyo, wakaelekeza kiungo cha kupakua kwenye nakala yenye mlango wa siri. Waliokuwa wanasasisha mashine zao kupitia ghala hawakuguswa.

Baadaye mwalimu akaamua kuweka Ubuntu ileile kwenye kompyuta za shule, ambako mtandao ulikuwa bando la simu yake. Nikamfungulia /var/cache/apt/archives, mahali apt-get inapohifadhi vifurushi ilivyokwisha kuvikagua. Tukaongeza Stellarium, ya kuwaonyesha wanafunzi nyota, tukanakili vyote kwenye flashi. Huko shuleni akavisakinisha kwa dpkg, amri ya kusakinisha vifurushi vilivyo tayari mkononi, mashine moja baada ya nyingine, bila kutumia bando hata kidogo.