Kamera ya kusoma pleti namba: nilianza na megapikseli, nikaishia kwenye nguzo

Jumamosi ya kwanza

Nimefunga kamera ya megapikseli 8 chini ya paa, kwenye kona ya nyumba, ikitazama njia ya gari kutoka getini. Picha inapendeza kweli. Ua wote unaonekana, mti unaonekana, hata paka anayetembea juu ya ukuta unamtambua. Njoo sasa kwenye pleti ya gari: ukikuza picha unapata kijikaratasi cheupe chenye madoa.

Nikakaa nikapiga hesabu ambayo ilitakiwa ipigwe kabla sijatoa hela. Lenzi ya milimita 2.8 hutanua picha mno. Umbali wa mita 16 inaona upana wa mita 40 hivi. Gawa pikseli (nukta za picha) 3,840 za upana wa picha kwa 40, kila mita inapata 96, na pleti ndefu ya sentimita 52 inaambulia 50. Hizo 50 zinagawanwa na herufi na tarakimu zote za pleti. Kwa kawaida hutafutwa 100 na kuendelea. Na hapo sijagusa suala la pembe.

Wiki ya pili

Nimeleta kamera ya megapikseli 2, lenzi yake inarekebishwa kuanzia milimita 8 hadi 32. Shemeji akanicheka: "Watu wanapanda, wewe unashuka?" Nimevuta lenzi hadi milimita 17 hivi, kamera inaona kipande cha mita 5 tu, pale ambapo gari hulazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya kona. 1,920 gawa kwa 5 ni 384 kwa mita, kwa hiyo pleti inapata 200. Haioni kitu kingine chochote, wala rangi ya gari huipati sawasawa. Kwa kazi hiyo ile ya kwanza imebaki pale pale juu.

Mahali pa kuifunga palinisumbua zaidi. Kutoka kona ya nyumba gari lilionekana kwa ubavu, nyuzi karibu 40, namba zikabanana mpaka 8 na B zikawa mapacha. Ushauri wa kawaida ni kutozidi nyuzi 30, ubavuni na kutoka juu. Nikachimbia nguzo ya chuma mita 2 pembeni mwa njia, kamera ikakaa mita moja na nusu kutoka ardhini. Mchana ule ule programu ya kusoma namba ikasoma kila gari.

Wiki ya tatu, usiku

Mchana ulinidanganya. Gari la kwanza kuingia saa mbili usiku: taa mbili kubwa, katikati yake mstatili mweupe pe, hauna hata namba moja. Kamera ikiachiwa ijipangie, inaona giza na kuacha shata (mlango wa kuingizia mwanga) wazi kwa muda mrefu, 1/30 ya sekunde. Pleti nayo imetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo infraredi ya kamera yenyewe (taa yake ya usiku, mwanga usioonekana kwa macho) inaiunguza.

Nikazima kila kitu cha kujipanga. Shata 1/1000, gaini (kiasi cha kukuza mwanga hafifu) chini kabisa, WDR (inayosawazisha penye mwanga na penye giza) nimezima. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gari husogea sentimita 18 ndani ya 1/30, lakini ndani ya 1/1000 ni nusu sentimita tu. (Likija uso kwa uso picha haivurugiki kiasi hicho, ila likianza kukata kona utaona.) Sasa skrini ni nyeusi tii, utadhani kamera imekufa. Halafu gari linatokea: nukta mbili za taa, na pleti inaelea gizani peke yake, kila herufi imekatika vizuri. Nilipiga kelele, shemeji akafunga breki akidhani amegonga kitu.

Nilijaribu pia taa ya infraredi ya pembeni, mita 3 kutoka kwenye nguzo. Pleti ikafifia, maana mwanga unairudia taa, hauji kwenye lenzi. Nimeirudisha ikae juu ya kamera.

Kingine ni fokasi. Niliirekebisha mchana, usiku ikahama kidogo, kwa kuwa infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida. Tuliegesha gari pale pale kwenye kona, nikaiweka sawa gizani, nikaifunga isijibadilishe. Shemeji aliingia na kutoka mara kumi na moja, ya mwisho alikuwa hasemi na mtu.

Jumapili hii

Magari yote ya usiku wa jana yamesomwa, isipokuwa moja lenye matope. Pikipiki bado, pleti yake iko nyuma, itabidi nizikamate zikitoka. Kuna jingine: saa saba usiku programu ilirekodi matukio mengi kupita kiasi, na yote ni buibui mmoja anayefuma mbele ya lenzi, aking'aa kwa infraredi kuliko pleti yoyote. Nimepitisha ufagio. Leo jioni karudi.