Mkondo Uliokuwa Kwenye Nyutro

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka mgumu kwa watumiaji wa umeme wa Dar es Salaam. Mvua zilikuwa haba, maji ya bwawa la Mtera, ambayo huzungusha mitambo ya hapo hapo yenye uwezo wa megawati 80 kisha hufuata Mto Ruaha Mkuu hadi mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204, yalikuwa yamepungua mno, na mgao ndio uliopanga saa za kazi, za kupika na za kulala. Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wangu ulihusu jambo ambalo watu wengi hawakuliona kuwa na uzito mbele ya shida hiyo: nilikuwa nachunguza umbo la mkondo ambao vifaa vyetu vinauvuta kutoka kwenye nyaya, badala ya kiasi cha umeme kinachopatikana.

Naona ni vema nieleze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu bila hilo siku ninayotaka kuisimulia haitaeleweka. Umeme unaofika majumbani kwetu ni mkondo geu wa volti 230, unaopanda na kushuka katika wimbi laini mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Pasi, jiko la umeme na balbu ya zamani ya waya mwembamba huvuta mkondo wenye umbo lile lile la wimbi. Kompyuta haifanyi hivyo. Ndani ya kisanduku chake cha umeme kuna dayodi zinazougeuza mkondo uende upande mmoja, na kapasita inayohifadhi chaji. Na kwa kuwa kapasita hiyo inakuwa imejaa muda mwingi, mkondo huingia tu pale volteji inapokaribia kilele chake, kwa pigo fupi na kali, mara 100 kila sekunde. Mfaransa Joseph Fourier alikwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, kwamba wimbi lolote linalojirudia linaweza kuchambuliwa kuwa jumla ya mawimbi laini. Mapigo ya kompyuta yakichambuliwa hivyo, hutoa wimbi la hezi 50, kisha la 150, la 250, la 350, na kuendelea. Hayo ya juu ndiyo tunayoyaita hamoniki, na ile ya hezi 150, hamoniki ya tatu, ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kila fundi aliyesoma anajua kwamba katika mfumo wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye jengo, mizigo ikigawanywa sawasawa, mikondo ya fezi hizo hukutana kwenye nyutro, waya wa pamoja wa kurudishia mkondo, na kufutana. Ndiyo maana majengo mengi yalifungwa nyutro nyembamba kuliko fezi, na kwa mizigo ya zamani hapakuwa na kosa. Lakini fezi zetu zimepishana kwa theluthi moja ya mzunguko, yaani milisekunde 6.67, na muda huo ndio hasa ambao wimbi la hezi 150 hulitumia kukamilisha mzunguko wake. Kwa hiyo hamoniki za tatu za fezi zote hufika kwenye nyutro kwa wakati mmoja, zikielekea upande mmoja, na badala ya kufutana hujumlishana. Watwangaji watatu wanaopokezana kwenye kinu kimoja hawagonganishi michi yao hata kidogo, lakini kinu ndicho kinachopokea mapigo yote.

Kifaa cha kupimia nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe maabara, kwa kuwa vile vya kununua vilizidi bajeti ya utafiti wangu mara nyingi. Kilikuwa na vihisi vinne vya kubana waya, kimoja kwa kila fezi na kimoja cha nyutro, kichujio cha kuzuia masafa ya juu yasiharibu vipimo, na chipu ndogo yenye uwezo wa kubadili ishara kuwa tarakimu za biti 10, yaani ngazi 1,024. Kilichukua sampuli 6,400 kwa sekunde kwa kila waya, ambazo ni 128 kwa kila mzunguko wa hezi 50. Nilichagua 128 kwa makusudi, kwa sababu njia ya haraka ya kukokotoa mawimbi ya Fourier, iliyochapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, huenda vizuri zaidi idadi ya sampuli inapokuwa ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mara kadhaa. Programu ya uchambuzi niliiandika kwenye kompyuta ya mapajani ya idara.

Aliyenipa mahali pa kupimia alikuwa fundi wa umeme wa jengo moja la ofisi mjini, mtu mzima aliyefahamiana na msimamizi wangu kwa miaka mingi. Alikuja Mlimani, chuoni kwetu, siku moja akiwa na mita yake ya kubana waya ndani ya mfuko wa turubai, akakaa, akaeleza bila haraka.

“Profesa, ghorofa ya tatu kuna harufu ya plastiki inayoungua. Nimepima fezi zote, mkondo uko chini ya hamsini. Waya ni wa milimita 25, unabeba zaidi ya hapo bila taabu. Mita yangu inasema hakuna kitu, lakini pua yangu inakataa.”

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu. “Nyutro umeipima?”

“Nyutro nitapima nini, Profesa? Mizigo nimeigawa mwenyewe, iko sawa.”

Profesa hakumjibu. Alinigeukia mimi, akasema, “Bwana mdogo, Jumamosi utakwenda na mzee.”

Jumamosi ile ofisi ilikuwa inafanya kazi kutwa nzima ili kufidia saa zilizopotea katika wiki. Nilimkuta fundi mlangoni, nikamwamkia, akaniitikia na kunipeleka moja kwa moja ghorofa ya tatu. Chumba cha swichi bodi, kabati la kugawia umeme wa ghorofa, kilikuwa chembamba na chenye joto, na harufu niliisikia kabla hajafungua mlango wa bodi. Ghorofa nzima ilikuwa imejaa kompyuta, nyingi zikiwa za mitumba kutoka Ulaya, za miaka kabla ya 2001, mwaka ambao kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-3-2, chenye kuweka mipaka ya hamoniki kwa vifaa vya namna hiyo, kilianza kuwa sharti katika soko la huko. Sisi tulikuwa tumepokea hasa vile vilivyotengenezwa kabla ya sharti.

Tulianza umeme wa gridi ukiwepo. Fundi alivaa glavu zake za mpira, akanishikia tochi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akabana vihisi kimoja kimoja, akinitajia rangi ya waya kila mara ili tusichanganye. Kisha akapima fezi kwa mita yake, akasoma kwa sauti: ampia 47, 50, 45. Kifaa changu kilionyesha 61, 66 na 58. Alinitazama kwa shaka, na nilielewa kwa nini, maana mita ile alikuwa ameiamini katika kazi yake yote. Nilimweleza kwamba mita ya aina ile hupima wastani wa mkondo kisha hukisia thamani yake halisi kwa kudhani kwamba wimbi ni laini. Likiwa laini jibu ni sahihi kabisa, lakini kwa mapigo makali ya kompyuta husoma pungufu kwa karibu robo. Nilimwonyesha umbo la mkondo kwenye kioo cha kompyuta, vilele virefu vyembamba na kati yake mahali patupu. Akauangalia mchoro ule kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo mita si mbovu,” alisema.

“Si mbovu, mzee. Imetengenezewa mizigo ya zamani.”

Kisha nikafungua dirisha la nyutro. Ampia 89. Mchoro wake ulikuwa tofauti kabisa na wa fezi: wimbi karibu laini, linalopanda na kushuka mara tatu katika nafasi ambayo lilitakiwa kupanda na kushuka mara moja. Uchambuzi ulionyesha kwamba karibu mkondo wote ulikuwa wa hezi 150. Fundi alichukua mita yake akaibana kwenye nyutro ili ahakikishe, na kwa kuwa wimbi la nyutro lilikaribia kuwa laini, mita yake safari hii ilikubaliana na kifaa changu kwa tofauti ndogo sana. Nakiri kwamba furaha niliyoipata wakati ule sijaipata tena kwa urahisi: nadharia niliyoihesabu mezani ilikuwa mbele yetu, katika waya wa jengo la kawaida, ikisomwa na vyombo viwili vya aina mbili tofauti.

Lakini hatari ilikuwa kubwa kuliko furaha. Nyutro ile ilikuwa ya milimita 16 za mraba, nyembamba kuliko fezi. Joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, na waya mwembamba huwa na ukinzani mkubwa zaidi. Tulipopiga hesabu pale pale, kila mita ya nyutro ilikuwa inatoa joto zaidi ya mara tatu ya lile la fezi. Tena nyutro haina sakiti breka. Fezi ikizidiwa, breka hukata. Nyutro ikizidiwa hakuna kinachokata, huendelea kuchemka ndani ya ukuta hadi ganda lake la plastiki, ambalo halikutengenezwa kuvumilia zaidi ya nyuzi 70, lianze kulainika. Harufu ile ilitoka huko.

Mchana zamu ya mgao ilifika na jenereta ikawashwa. Fundi alitaka tufunge vyombo, lakini nilimwomba tupime tena, na nafurahi kwamba alikubali, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa sura yenye nguvu zaidi katika tasnifu yangu. Mkondo wa nyutro ulishuka hadi ampia 78, huku upotovu wa volteji, yaani kiasi ambacho wimbi lake limeacha umbo laini, ukipanda kutoka asilimia 3 hadi asilimia 9 na vilele vya wimbi lake vikiwa vimelala kama vilivyosawazishwa. Sababu ni kwamba jenereta ndogo ina kizuizi kikubwa cha ndani kuliko gridi: hupunguza makali ya mapigo, lakini kila pigo hukwangua kilele cha volteji ambayo wote wanaitumia. Kwa hiyo mgao, ambao sote tuliuhesabu kwa saa za giza, ulikuwa pia unabadilisha ubora wa umeme katika zile saa ambazo taa zilikuwa zinawaka.

Ripoti ya kurasa chache iliyotiwa saini na msimamizi wangu ilipelekwa kwa wenye jengo wiki iliyofuata. Walipunguza kompyuta kwenye bodi ile mara moja, kisha wakafunga nyutro mpya ya milimita 50 za mraba. Tulipokwenda kuipima, mkondo haukuwa umepungua, kwani kompyuta zilikuwa ni zile zile, lakini waya ulishikika kwa mkono na harufu haikuwepo. Fundi alikuwa tayari amezunguka ghorofa nyingine zote na kuandika mikondo ya nyutro katika daftari lake la shule, bodi kwa bodi, kwa mwandiko safi. Alinikabidhi nakala, na kwa ruhusa yake nikaiweka kama kiambatisho cha kwanza cha tasnifu, mbele ya vipimo vyangu mwenyewe.