Pasli kwenye ndoo, Tanga: kumbukumbu ya Juni hadi Septemba

Juni. Masika yamekwisha, upepo wa kusi umeshika, na jua la Tanga limepungua ukali. Pasli, kiungo cha majani kinachofanana na giligilani, haipendi joto la kaskazi. Majani hukakamaa na kuingia uchungu, kwa hiyo nimesubiri msimu huu. Nimechagua ya majani bapa. Ile ya kujikunja hupendeza pembeni ya sahani, lakini chunguni bapa ndiyo yenye ladha.

Mbegu nimezilowesha usiku kucha, kwa sababu ganda lake lina kemikali zinazochelewesha kuota na maji huziondoa kiasi. Hata hivyo huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, na udongo haupaswi kukauka hata mara moja. Nimezifunika kwa gunia bichi. Nimepanda moja kwa moja kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini: pasli ni jamaa ya karoti, mzizi wake huzama, haitaki kuhamishwa. Udongo ni mweusi, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo.

Julai. Zimeota! Majani ya kwanza ni membamba, yanayofuata ndiyo yenye meno. Nimepunguza miche iliyosongamana. Ndoo ziko upande wa mashariki, zinapata jua la asubuhi. Kuanzia saa sita kivuli cha makuti kinazilinda.

Agosti. Vidukari chini ya majani. Maji ya sabuni ya mche, jioni, yametosha.

Septemba. Mavuno, na hapa ndipo raha ilipo. Nakata mashina ya nje, chini kabisa karibu na udongo, ili ya katikati yaendelee kukua. Jirani alinusa akasema, "Mbona giligilani yako imepoa?" Nikamwonjesha kwenye changu wa kuchoma: pasli iliyokatwakatwa, kitunguu saumu, ndimu, chumvi, pilipili na mafuta kidogo, vyote vinamwagiwa samaki akishatoka motoni. Akaomba shina la kwenda nalo.

Kwenye supu ya samaki, mashina yanaingia mapema na majani baada ya kuepua. Yakichemka sana harufu inapotea. Walebanoni kwenye tabule, saladi yao ya majani na ngano, huweka pasli nyingi kuliko ngano, nami nitaijaribu kwa nyanya za Lushoto.

Iliyozidi siianiki, maana ikikauka hupoteza harufu nyingi. Naikata, nachanganya na mafuta, nagandisha kwenye vibweta vya barafu. Ndoo za pili nitazipanda Juni ijayo.